Kiuno Hakimo Kwenye Faili

Jumanne, saa nane na dakika ishirini mchana, nilimwahidi mwanaume nisiyemjua gauni ambalo halikuwepo duniani. Nilikuwa nimekaa kwenye chumba cha mafaili cha kliniki yetu, simu ya kliniki mkononi, mlango nimeufunga kwa sababu siwezi kuongea na simu watu wakiniangalia. Nawaandikia nyinyi mnaoanza Jumamosi ili mjue kwamba matatizo makubwa ya kazi hii hayaji na kelele. Mtu anakuwa amekaa peke yake, anajibu maswali kwa adabu.

Mimi nimestaafu. Nina miaka kumi na tisa, nimechaguliwa kidato cha tano mkoa mwingine, na Sista Kabula, muuguzi wetu, anasema anayeondoka kazini lazima awaachie wenzake kitu. Wauguzi wakistaafu hununuliwa keki na kitenge. Mimi nilipewa daftari la kurasa themanini nikaambiwa niandike nilichojifunza. Kuja kuongea mbele yenu nilikataa. Mnanijua.

Nilianza kama mteja. Nilizaliwa na virusi, nina faili hapa tangu sijajua kusoma, na namba yangu ya kliniki inanijia haraka kuliko namba yangu ya mtihani. Nilipofika kidato cha tatu Sista aliniambia niwe nakuja Jumamosi kusaidia kwenye klabu ya vijana. Nilidhani nitapanga viti. Kweli nilipanga viti, wiki mbili. Wiki ya tatu nikakabidhiwa mzani.

Mjue kwanza namna kazi inavyoshuka. Daktari ana wagonjwa wengi, kwa hiyo wanaotumia dawa za kufubaza virusi na hawana shida nyingine humwachia tabibu. Tabibu foleni ikimzidi, wale ambao dawa zimewakaa vizuri humwachia Sista. Sista naye akizidiwa, kufundisha wapya na kuwafuatilia wasiokuja humwachia Mama Getruda. Mama Getruda ni mteja wa siku nyingi, ana cherehani yake hapa hapa Mabatini, na siku tatu kwa wiki anakuja kliniki kuwaambia waliokata tamaa kwamba yeye pia aliwahi kukata. Mama Getruda akizidiwa, ndipo nami nikaingia. Mimi nilitafuta wa kumwachia nikamkuta paka.

Wakubwa wanaita kugawana majukumu. Nyuma ya mlango wa Sista kuna karatasi inayosema nani anafanya nini. Isomeni kabla ya kunywa chai. Mstari wenu ni wa mwisho: kupima uzito, kupanga mafaili, kuwapigia simu waliopitisha tarehe, kuzungumza na vijana wenzenu. Kutoa dawa si mstari wenu. Kusoma majibu ya kipimo si mstari wenu, hata kama umeyaona, hata kama mama wa watu amekushika mkono na anakuangalia machoni. Unasema, "Ngoja nikuitie Sista," unakwenda, unamwita.

Kuhusu mzani. Mwezi wangu wa kwanza kuna mama aliongezeka kilo tatu. Sista alifurahi, akamwita tabibu, tabibu naye akafurahi, wakamsifu kwa kula vizuri. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikiangalia mfuko aliokuwa ameushika. Ndani kulikuwa na sangara. Niliona aibu kusema mbele ya watu, kwa hiyo nilisubiri mpaka jioni nikamwandikia Sista kikaratasi: "Zile kilo ni samaki." Sista alikibandika kwenye kabati la dawa na bado kipo. Waambieni watu waweke mifuko chini. Semeni kwa sauti.

Kuhusu vidonge. Mtu akija na kopo lake, mtaagizwa mhesabu vilivyobaki, ili Sista ajue kama vingine vilimezwa. Hesabuni vitano vitano, kwenye sahani, kwa kijiti, si kwa vidole. Kopo ambalo halilii ukilitikisa si lazima liwe tupu. Wengi hujaza pamba ili jirani asisikie. Mimi nililijua hilo kabla sijafundishwa, kwa sababu bweni letu lilikuwa na vitanda ishirini na nne.

Sasa simu, ambayo ndiyo kazi niliyoiogopa kuliko zote. Kila faili lina kikaratasi kidogo kwa ndani kinachoitwa neno la simu. Ni utaratibu wa Mama Getruda. Mteja anapoanza dawa anachagua mwenyewe tukimpigia tusemeje, maana hatujui nani atapokea. Kuna kaka wa bodaboda tunamwambia kuna abiria anamsubiri. Kuna bibi tunamwambia kwaya inakutana. Kuna mwalimu mmoja yeye alisema, nipigieni mniambie tarehe yangu imepita, naishi peke yangu, nimfiche nani? Vikaratasi vyote vimeandikwa kwa kalamu. Kimoja tu kina mstari ulioandikwa kwa penseli halafu ukapitiwa juu kwa kalamu nyeusi. Mtakikuta. Ndicho ninachotaka kuwasimulia.

Ni cha mama nitakayemwita Mama Neema, ambalo si jina lake. Amesoma kurasa hizi kabla yenu na ameziruhusu, isipokuwa amenikataza kuandika uzito wake. Kuhusu kiuno hakusema kitu.

Mama Neema anaishi Kisesa. Kuna kliniki karibu na kwake, lakini alichagua kuja mpaka Mabatini kwa sababu kule wanaopanga foleni wanamjua. Mume wake alikuwa hajui. Neno lake la simu lilikuwa hili: "Natoka kwa fundi, kitambaa kimefika." Basi. Akisikia hivyo anajua tarehe, anakuja, anachukua dawa za miezi mitatu, anarudi. Lilifanya kazi vizuri kabla yangu.

Jumanne hiyo alikuwa amepitisha siku tisa. Sista alipiga hesabu ya dawa alizopewa mara ya mwisho akasema zimebaki za siku chache, labda tano. Mtu asiyekosa dozi akianza kukosa, virusi vinaamka, na kuvilaza tena si kazi ya siku moja. Nikapewa namba. Nikaandika maneno kwenye karatasi, kama ninavyofanya siku zote, nikapiga.

Ikapokelewa na mwanaume. Ana mashine ya kukoboa mpunga, kwa hiyo huongea na kila mtu kana kwamba mashine inawaka. Simu ya mke wake ilikuwa pale inachajiwa.

"Shikamoo baba," nikasema. "Natoka kwa fundi, kitambaa kimefika."

Hapo nilitakiwa kukata. Karatasi yangu ilikuwa imeishia hapo. Lakini yeye akaniuliza, na mimi mtu mzima akiniuliza najibu.

"Marahaba. Kitambaa cha nini?"

"Cha gauni."

"Halijashonwa?"

"Limeshonwa."

"Rangi gani?"

"Bluu."

"Fundi yuko wapi?"

Nikamwelekeza. Mabatini, njia ya mawe, kibanda chenye mlango wa kijani, cherehani iko nje barazani. Nilimwelekeza vizuri sana. Sijawahi kumwelekeza mtu vizuri namna ile.

"Basi nitakuja naye kesho saa nne," akasema. "Avae, nilione."

Akakata yeye.

Nilifungua mlango. Halafu nikaenda kwa Sista Kabula, nikamwambia kwa sauti, kwa sababu kikaratasi kisingetosha. Sista ana miaka mingi kwenye kazi hii na sijawahi kumwona akishtuka. Alimaliza kuandika alichokuwa anaandika. Akaweka kalamu chini.

"Bluu gani?" akauliza.

"Bluu tu."

Akamwita Mama Getruda. Mama Getruda akasikiliza, akaniangalia, akasema gauni bila kitambaa hajawahi kushona lakini hajafunga milango. Kitambaa cha bluu tulichokuwa nacho ni kimoja, kile Sista alichonunua mwenyewe kwa ajili ya pazia la chumba cha ushauri, ili anayelia ndani asionekane na waliokaa benchi. Sista alikitoa kwenye droo, akakikunjua, akakiangalia. Kisha akavua khanga aliyokuwa amejifunga juu ya sare kwa sababu ya baridi, akaitundika mlangoni mwa chumba cha ushauri. Khanga ile ilikaa pale muda mrefu. Nadhani mmeiona.

Tatizo lililofuata lilikuwa vipimo. Tukafungua faili. Tulijua uzito wa Mama Neema kila miezi mitatu. Tulijua urefu wake, presha yake, wingi wa virusi vyake ambavyo vilikuwa vimeshuka mpaka mashine haivioni, na tulijua mwaka alioumwa kifua. Kiuno hatukukijua. Tabibu akapita, akaelezwa, akapiga hesabu ya uzito kwa urefu, akasema kwa uwiano huo mama yuko vizuri. Mama Getruda akamuuliza vizuri ni inchi ngapi.

Tabibu akaondoka. Akarudi baada ya muda kuuliza kama kuna anachoweza kusaidia. Akapewa vifungo, maana vidole vyake vimezoea kushona. Alivishona kwa fundo lile la vidonda, na nawaambia vifungo vile havitatoka mpaka mwisho wa dunia. Sista alipiga pasi kati ya mteja na mteja. Mimi nilishika kitambaa kisiguse sakafu. Kwenye karatasi ya nyuma ya mlango hakuna mstari wa gauni, nilikwenda kuangalia. Saa kumi na mbili jioni gauni lilikuwa na mkono mmoja, na Mama Getruda akasema wa pili atauamkia.

Kabla hatujaachana nilitoa wazo. Nilisema, kwa kuwa dawa za Mama Neema zinakaribia kuisha, tunaweza kuzishonea kwenye pindo, akifika nyumbani afumue. Nililiona ni wazo zuri. Sista aliniangalia.

"Tutamfanya mumewe abebe asichokijua?"

"Asingejua."

"Ndiyo maana." Akafunga kabati. "Huyo mama akisema anataka mumewe ajue, atajua kwa mdomo wa mke wake. Haambiwi na pindo."

Hilo liandikeni mahali. Mimi niliandika usiku ule kwenye daftari langu la siri, lile ambalo hamtapewa.

Basi mpango ukawa huu. Sista kutoa dawa nje ya kliniki ni jambo lake la kawaida, huwafuata watu kwenye vikundi vyao mtaani. Kwa hiyo angekaa ndani ya kibanda, nyuma ya pazia la kujaribia nguo, bila sare, na dawa zake kwenye mkoba. Mama Neema akiingia kujaribu gauni, wanamaliza mambo yao humo. Mama Getruda angekuwa fundi, kwa kuwa ni fundi. Mume angebaki nje barazani, na mtu wa kumweka pale ni mimi.

"Mimi siongei, Sista," nikasema.

"Leo mchana uliongea."

Asubuhi walifika saa nne kasoro, wote wawili. Mama Neema alitangulia, na uso wake siwezi kuusahau. Alikuwa anakwenda kwa fundi ambaye hajawahi kumpelekea kitambaa, kuvaa gauni ambalo hajawahi kuliagiza, na mume wake yuko nyuma yake hatua mbili. Aliponiona alinitambua, mimi mtoto wa mzani. Mama Getruda akamsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, mwangaluka, kama watu wanaoonana kila wiki, akamshika mkono akamwingiza ndani.

Baba Neema akakaa kwenye benchi. Nilikuwa nimeandika mambo kumi ya kuzungumza kwenye kiganja, lakini jasho lilikuwa limefuta saba. Yaliyobaki ni mvua, ziwa na mashine. Nikamuuliza mashine ya kukoboa mpunga inafanyaje mpaka punje isivunjike.

Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Alinieleza mpira unaosugua punje, alinieleza upepo unaopeperusha pumba, alinieleza kwa nini mpunga wa mvua unavunjika kuliko wa jua, na namna ya kusikiliza mashine ukajua imekabwa kabla haijazima. Alieleza mpaka akachora kwa fimbo chini. Nilikuwa nasema ehee. Kumbe kuongea na watu sehemu kubwa ni ehee. Ningeambiwa mapema nisingeteseka.

Halafu akaweka fimbo chini, akaangalia cherehani.

"Binti, nikuulize," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiongea kwa sauti ya chini. "Mke wangu fundi akimpigia, anakuja mjini. Anarudi hana nguo. Akapigiwa tena, akaja, akarudi hana nguo. Wewe ungefikiri nini?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini nimeshawaambia, mtu mzima akiniuliza najibu.

"Ningefikiri huyo fundi ni mwanaume."

"Eeh." Akatikisa kichwa. "Safari hii nikamwambia tutakwenda wote. Akaacha kuja kabisa. Nikasema basi ni kweli."

Kwa hiyo hizo ndizo siku tisa.

"Wabeja," akasema, ambalo kwa Kisukuma ni asante, akielekeza kidevu mlangoni alikokuwa Mama Getruda. "Nimefurahi ni huyu mama."

Mimi sikufurahi. Nawaambia ukweli kwa sababu hakuna atakayewaambia: kazi ikifanikiwa namna hiyo haina raha. Mtu alikuwa ametua mzigo wa mwaka mzima juu ya kipande cha pazia, na tuliomshonea ni sisi.

Kutoka ndani Mama Getruda akaniita nilete tepu, gauni limepwaya. Akatoka yeye kukaa na mgeni, nikaingia. Mama Neema alikuwa amevaa. Mabega yalikuwa sawa, pindo lilikuwa sawa, kiunoni angeweza kuingia na mtu mwingine. Sista alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anaandika. Dawa zilikuwa zimeshaingia kwenye mkoba wa mama. Nikazungusha tepu.

"Alidhani nina bwana," Mama Neema akasema, polepole, juu ya kichwa changu.

"Najua. Ameniambia."

Akaniangalia. "Amemwambia nani? Wewe?"

"Ndiyo, mama. Sasa hivi."

"Mwaka mzima hajaniambia mimi." Huko nje sauti ya mashine ilikuwa imerudi, anamweleza Mama Getruda kuhusu upepo. "Mwaka mzima ananiangalia tu. Mimi nikadhani ameshaona vidonge, anangoja niseme."

Sista aliacha kuandika lakini hakuinua kichwa. Akamuuliza angependa asaidiwe, waje wote wawili kliniki wakae na mtu, au atasema mwenyewe. Akamwambia pia hakuna anayemkimbiza, na kama anaona kwake si salama kusema, asiseme.

"Si mtu wa kupiga," Mama Neema akasema. "Ni mtu wa kununa." Akavuta gauni kiunoni, akaliachia. "Nitasema mwenyewe. Kisha nitamleta." Halafu akanigeukia mimi. "Binti, kile kikaratasi changu. Badilisha. Ukipiga tena sema unatoka kliniki."

"Akipokea yeye?"

"Akipokea yeye ndiyo useme."

Akatoka nje kujionyesha. Baba Neema alimwangalia kuanzia shingoni mpaka chini, taratibu. Akasema katika maisha yake hajawahi kumwona na bluu. Akasema limempendeza ila kiuno kipunguzwe. Mama Getruda akachukua pini akakipunguza hapo hapo, na wakati anakibana, mzee akaniuliza mimi:

"Linalofuata lini?"

"Baada ya miezi mitatu, baba."

"Gauni moja, miezi mitatu?"

"Wateja ni wengi," nikasema. Hilo ndilo jambo pekee la kweli nililokuwa nimemwambia kuhusu gauni tangu Jumanne, na mke wake akacheka. Alicheka mpaka akachomwa na pini.

Wakaondoka kwa miguu wakishuka njia ya mawe, yeye mbele safari hii, mke nyuma amebeba mkoba wake mwenyewe kwa mikono miwili.

Mimi nikarudi kliniki na Sista. Kulikuwa na watu kumi na moja kwenye benchi. Niliwaambia waweke mifuko chini, kwa sauti, wakaweka. Kisha nikaingia chumba cha mafaili, na sikufunga mlango kwa kuwa sikuwa na simu ya kupiga, nikatoa faili la Mama Neema. Nikachora mstari juu ya fundi na kitambaa chake. Chini nikaandika mambo mawili. La kwanza: "Kiuno inchi thelathini na tatu." La pili: "Sema unatoka kliniki, hata akipokea mume."

Kiuno nilikiandika kwa kalamu. Hilo la pili niliandika kwa penseli.